Mahindi ya Agosti

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kwamba kila kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba mhakiki mwema hapaswi kuisifu fani peke yake na kuyasahau yale yaliyosemwa kwayo. Tuliyatumia maneno hayo kwa riwaya, tamthiliya na mashairi, tukapata alama zetu, kisha tukayaweka kabatini. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia kwamba twaweza kuyatoa nje ya darasa tukahakiki harusi, gwaride au mkutano wa hadhara. Mimi leo nataka kuyatoa nje, nihakiki Maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini, yale yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Themi, Njiro, hapa Arusha. Nayafahamu kutoka pande zote mbili za kamba. Kwa miaka kadhaa nilisimama ndani ya kamba nikiwa bwana shamba mwenye fimbo ya kuonyeshea. Kwa miaka mingi zaidi nimekuwa nje, pamoja na watazamaji, nikila muhindi wa kuchoma na kukanyagwa vidole.

Msomaji asiyewahi kufika pale ajue kwanza kwamba ni jambo kubwa. Mikoa mitatu hukutana: Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambao ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kila halmashauri ina banda lake na kipande chake cha ardhi. Vyuo na vituo vya utafiti huja, Magereza huja na samani zao, Jeshi la Kujenga Taifa huja na mazao yao, wauza pembejeo huja na vipaza sauti, na wachuuzi wa vyombo vya plastiki huja kabla ya wote. Siku ya kilele, yaani tarehe 8 Agosti, barabara ya Njiro hujaa haisi na bodaboda tangu asubuhi. Vumbi huwa jingi hata watoto waliovalishwa nguo nyeupe hurudi nyumbani wakiwa na rangi moja na kuta za matofali.

Nianze na tarehe, maana hapo ndipo uhakiki wangu unaposimama. Wazee wanakumbuka kwamba siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1990, nchi ilipokwisha kuingia katika vyama vingi, Saba Saba ikabaki na maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, na wakulima wakapewa Nane Nane. Hakuna ubaya. Tarehe yenye namba mbili zinazofanana ni rahisi kukumbukwa, na kwa upande wa fani jina hilo ni zuri mno: fupi, lina mdundo, mtoto wa miaka mitatu analitamka. Lakini tarehe hiyo ilizaliwa kwa uzuri wa namba, haikuzaliwa kwa majira ya shamba.

Kwetu mlimani masika huanza Machi na kuishia Mei. Vuli huja Oktoba au Novemba, ikiamua kuja. Katikati ni kipupwe na kiangazi. Wingu huukalia Mlima Meru asubuhi kutwa, watu huvaa masweta na kukohoa, lakini mvua ya maana hakuna. Huko juu, Nkoaranga, Songoro na Akheri, kuna mifereji na migomba, na kijani hakikatiki. Shuka chini ya barabara kuu iendayo Moshi, utaona kitu kingine. Kufikia Agosti mahindi ya tambarare yamekauka au yameshavunwa, ng'ombe wapo shambani wanakula mabua, na upepo unazungusha vumbi. Hiyo ndiyo sura halisi ya kilimo cha watu wengi wa kanda hii katika siku ya sikukuu yao.

Sasa ingia Themi siku hiyohiyo. Mahindi ni ya kijani, yamefika kichwani, yamebeba magunzi mawili mawili. Kabichi ni kubwa kama sufuria za msibani. Nyanya zimefungwa kwenye fito, nyekundu, hazina doa. Karoti, spinachi, pilipili hoho, vyote vimepangwa kwa mstari kana kwamba vilipimwa kwa rula. Mtu anayetoka King'ori au Kikatiti, aliyeacha shamba lake likiwa mabua, anasimama mbele ya mahindi hayo na kushangaa. Mshangao huo ndio fani yote ya Nane Nane. Na kinachouleta ni bomba la mpira ambalo halionyeshwi.

Hapa yanibidi niseme jambo langu mwenyewe, maana si haki kuwahakiki wengine nikajificha nyuma ya miwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilipewa kazi ya kuandaa kipande cha mahindi cha ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikuwa na mbegu za aina mbili za kuchagua. Moja ilikuwa Katumani, mbegu fupi, inayokomaa upesi, inayofaa mahali pakavu. Nyingine ilikuwa chotara ndefu ya nyanda za juu, inayokaa shambani miezi mitano au sita na kuhitaji mvua kwa muda wote huo. Kwa wakulima wengi ambao wangepita pale, wa tambarare, Katumani ndiyo iliyokuwa na maana. Nami nilichagua ile ndefu. Sababu ilikuwa moja tu: ni ndefu. Katumani ingekuwa imekauka kufikia Agosti, na kama tungeipanda kwa kuchelewa bado ingefika kiunoni tu, na mgeni rasmi hapigi picha na mahindi ya kiunoni. Tukamwagilia asubuhi na jioni. Tukaweka samadi, mbolea ya kupandia na ya kukuzia bila kuhesabu, kwa kuwa haikuwa fedha yetu. Palipokuwa na miche dhaifu tuling'oa usiku, tukapandikiza mingine kutoka pembeni. Siku ya nane mahindi yale yalikuwa kama msitu.

Alikuja mama mmoja wa makamo, Mmeru, amejitanda khanga mbili kwa baridi. Aliangalia mahindi kwa muda mrefu, kisha akainama akachukua udongo kidogo, akaufinyanga kwa vidole. Watu wa ofisini hawafanyi hivyo.

"Bwana shamba," akaniuliza, "haya yanakunywa maji ya wapi?"

Nilimwamkia kwanza, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaningoja. Nyuma yangu alikuwa mkubwa wangu wa kazi akizungumza na waandishi wa habari. Nikasema, "Mama, siri ni mbegu bora na mbolea."

Si kwamba nilisema neno la uongo. Mbegu ilikuwa bora kweli, na mbolea iliwekwa kweli. Lakini aliniuliza maji, nami nikamjibu mbegu.

Mwaka uliofuata masika yalikatika mapema. Jumamosi moja nilikuwa soko la Tengeru nikinunua ndizi, nikamkuta anauza mafungu ya dengu. Alinitambua yeye, mimi nilikuwa nimeshamsahau. Akaniambia, bila ghadhabu yoyote, kwamba aliuza mbuzi wawili akanunua ile mbegu na mfuko wa mbolea. Mahindi yalipanda vizuri hadi kufikia kutoa mbelewele, kisha mvua ikaondoka, yakasimama hivyohivyo, marefu, hayana kitu. Majirani zake waliopanda mbegu zao za kila siku walipata kidogo. Yeye aliwalisha ng'ombe. "Hukuniuzia bomba, bwana shamba," akasema, akacheka kidogo, akanifungia ndizi zangu ambazo hakuziuza yeye, kwa kuwa muuzaji alikuwa amekwenda kuchukua chenji.

Sijui nimelibeba jambo hilo kwa usahihi kiasi gani. Pengine hata kama ningemweleza juu ya bomba angenunua ile mbegu, maana mtu aliyeona mahindi yale hakusikia maneno tena. Lakini tangu siku ile sijaweza kuyatazama maonyesho yetu kama watu wengine wanavyoyatazama.

Kuna kisa cha kale cha Marekani ambacho kila mwandaaji wa Nane Nane angefaa kukisoma kabla ya kukata kamba na kupima kiwanja. Mwaka 1903 mzee mmoja jina lake Seaman Knapp, mwenye miaka kama 70, alikuwa akitafuta namna ya kuwafundisha wakulima wa kusini mwa nchi hiyo njia bora za kilimo. Serikali ilikuwa na mashamba yake ya mfano. Wakulima waliyatembelea, wakayasifu, wakarudi kulima walivyolima. Knapp akaelewa kwa nini. Mkulima akiona shamba la serikali husema moyoni: serikali ina fedha, ikikosa mwaka huu italima mwaka ujao, mimi nikikosa nitalala njaa. Basi huko Terrell, Texas, akaacha kulima yeye. Akamtafuta mkulima wa palepale, Walter Porter, alime mwenyewe katika ardhi yake mwenyewe, kwa mikono yake na nyumbu wake. Watu wa mji wakachanga fedha za dhamana, kwamba akipata hasara wamfidie. Hakupata hasara. Huo ukawa mwanzo wa kazi yote ya ugani katika nchi ile, na sisi mabwana shamba wa Afrika ni wajukuu wa mbali wa shamba lile, ingawa wengi wetu hatumjui babu yetu.

Tazama jinsi kiini cha mambo kilivyokuwa: mwonyeshaji ndiye mkulima, ardhi ni yake, na hatari ya hasara imesemwa wazi mbele ya wote. Nane Nane yetu imevigeuza vyote vitatu. Mwonyeshaji ni mtumishi mwenye mshahara, ardhi ni ya uwanja, na neno hasara halitamkwi. Watetezi wataniambia kwamba tuna mashamba darasa vijijini. Ni kweli, na ni mpango mzuri. Ulianzia Indonesia mwaka 1989 katika mpunga, ukafika kwetu, nao unamtaka mkulima alinganishe vipande viwili, kimoja cha njia mpya na kimoja cha njia yake, msimu mzima, huku akihesabu wadudu na shilingi. Lakini hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tunajua la kufanya. Tunalifanya huko vijijini bila kelele, kisha Agosti tunaliacha nyumbani na kuja Njiro na kabichi la kushindania ukubwa.

Kabichi lenyewe linastahili aya yake. Sijapata kujua ni nani aliyeamua kwamba kabichi liwe mhusika mkuu wa sikukuu ya wakulima. Halikui haraka kuliko sukuma wiki, halilishi kama maharage, na pale sokoni Kilombero likijaa huuzwa kwa bei ya kutupa. Nadhani limechaguliwa kwa sababu linaonekana kwa mbali na halisogei. Kituo cha Selian, umbali mfupi tu kutoka mjini, kimetoa mbegu za maharage ambazo zimeingia kwenye vyungu vya nchi nzima. Ukisema Lyamungu 90, Selian 97 au Jesca, mama wa Hai au wa Mbulu anajua unasema nini. Tengeru nao walitoa mwaka 1997 nyanya za Tanya na Tengeru 97, ambazo ziliwapunguzia wakulima taabu ya minyoo ya mizizi na taabu ya nyanya kupasuka njiani. Hizo ni hadithi kubwa, za miaka mingi, za watu waliokaa wakihesabu punje. Katika banda zinakaa ndani ya visahani vya plastiki, kila kimoja na kikaratasi, na watu wanapita wakikimbilia kwenye kabichi.

Nisieleweke vibaya kuhusu biashara. Ndugu wengi wa rika langu hulalamika kwamba Nane Nane imegeuka gulio la masufuria, mablanketi na ngazi za chuma, kwamba watu hawaji kuona kilimo bali kununua beseni. Mimi siwaungi mkono. Watu wa mlima huu wamekuwa wakikutana magulioni tangu kabla ya bwana shamba wa kwanza kuzaliwa. Mmeru alishuka na ndizi, Mmasai akaja na maziwa na ngozi, Mwarusha akasimama katikati akizijua lugha zote mbili. Tengeru ya Jumamosi na Ngaramtoni ya Alhamisi ni watoto wa mikutano hiyo. Na kama ningetakiwa kutaja mahali penye ukweli mwingi zaidi katika viwanja vya Themi, ningetaja sehemu ile ya nyuma, karibu na vyoo, wanapouzwa mapanga, mipini ya majembe, kamba za katani na pampu za mkono. Mnunuzi anaushika mpini, anaupiga chini, anausikiliza, anaurudisha. Muuzaji anatukanwa kidogo, anajibu, bei inashuka. Pale hakuna anayeshangaa. Watu wote wawili wanajua kinachozungumzwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo huimbwa sana na wenye mabanda ya mbele, ambao ndio wanaojitembeza kuliko wote. Lakini hata methali haimalizi mambo, kwa kuwa mbegu haiwezi kujiuza siku ile ile. Sufuria ukilinunua leo utaona kesho kama linavuja. Mbegu ukiinunua Agosti utapata jibu Julai ya mwaka ujao, na muuzaji hatakuwepo. Ndiyo maana mwuza sufuria anaweza kuachwa na soko limhukumu, ila mwuza mbegu na bwana shamba wanahitaji kuhukumiwa kwa namna nyingine.

Kuna banda ninalolipenda, na nalipita kila mwaka. Ni la mbuzi wa maziwa. Watu wa Meru wamefuga mbuzi wa Toggenburg kwa miongo kadhaa sasa, wengi wao kwa mipango ile ya kopa mbuzi lipa mbuzi, ambapo unapewa jike, na mtoto wake wa kwanza wa kike unampa jirani. Mbuzi analetwa na mwenyewe, mara nyingi mwanamke, na mwenyewe ndiye anayejibu. Ukimuuliza anatoa maziwa kiasi gani, anakwambia lita mbili, kisha anaongeza kwamba wakati wa kiangazi ni moja na nusu, na kwamba mwaka juzi alipata homa ya mapafu akapoteza mmoja. Hayo ya homa hayakuulizwa. Anayasema kwa kuwa ni sehemu ya mbuzi. Nimewahi kusimama pale saa nzima nikiwasikiliza wanawake wawili, mmoja wa Poli na mmoja aliyetoka Babati, wakifundishana namna ya kukata matete na kujenga banda lililoinuliwa ili kinyesi kianguke chini kiende kwenye migomba. Hakukuwa na kipaza sauti wala mtaalamu. Kwa maneno ya darasani, hapo fani na maudhui vilikuwa kitu kimoja.

Kahawa ni habari nyingine. Banda la kahawa ni safi, lina viti, vijana wamevaa aproni, na unapewa kikombe kidogo bila malipo. Harufu yake inavuta watu kutoka mbali. Nimewaona wazee wa Meru waliolima kahawa maisha yao yote wakipokea kikombe hicho, wakionja, wakakunja uso na kuomba sukari. Nyumbani wanakunywa chai. Ukiwauliza historia watakueleza vizuri kuliko mabango ya pale: jinsi mgawo wa kimataifa wa kahawa ulivyovunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka, jinsi wanunuzi binafsi walivyoruhusiwa katika msimu wa 1994/95 na watu wakafikiri neema imekuja, jinsi wengi walivyochoka wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na migomba. Mabango husema kahawa yetu ni bora duniani. Ni bora. Mzee anaondoka na kikombe chake kitupu, na swali lake la bei halikupata mahali pa kukaa katika banda zuri namna ile.

Juu ya hotuba sitasema mengi. Mgeni rasmi hukagua mabanda kwa haraka, msafara mrefu ukiwa nyuma yake, na kila banda hupewa dakika chache. Kilimo ni uti wa mgongo, husemwa. Mwaka 1972 kule Iringa ilisemwa Siasa ni Kilimo, mwaka 2009 ikasemwa Kilimo Kwanza. Maneno hayo yote ni mazuri, nami sikuwahi kumwona mkulima aliyeyakataa.

Ningependa zaidi kusema juu ya wanyama. Foleni ndefu kuliko zote siku ya kilele haiwi kwenye mbegu wala matrekta. Iko pale anapokuwepo mnyama wa porini ndani ya kizimba. Wazazi wanawabeba watoto mabegani ili wamwone. Katika foleni hiyo mwaka mmoja nilizungumza na bwana wa Ngarenanyuki, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Analima nyanya kwa mfereji. Aliniambia tembo wakiingia usiku mmoja wanamaliza kazi ya miezi mitatu, naye amelipa kiingilio ili mwanawe akamwone mnyama kwa usalama. Alicheka alipokuwa anasema. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya watu wengi wa upande ule, kwa madini ya floridi yaliyozidi katika maji ya mlima. Nikafikiri: hapa amesimama mtu mwenye mambo mawili makubwa ya kilimo na maisha ya mlima huu, tembo na maji, na katika mabanda yote tuliyopita siku ile hakuna aliyemuuliza. Si kwamba wataalamu hawalijui tatizo. Mwaka 2015 mtafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, palepale Tengeru, Dakta Askwar Hilonga, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, kwa chujio lake la maji linaloweza kuondoa floridi. Akili ipo. Lakini maonyesho yetu yamejengwa ili mwenye banda aseme na mwenye kiingilio atazame, na taabu za mtazamaji hazina meza.

Wenzetu nao wana yao. Maonyesho ya Kenya yana mizizi katika chama cha walowezi cha mwaka 1901, na hadi leo yana heshima ya kupima fahali kwa mizani mbele ya watu. Uingereza, walikotoka walowezi hao, maonyesho makubwa ya kilimo yaliyoitwa Royal Show yalifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2009, baada ya kuishi tangu mwaka 1839, kwa kuwa hayakuweza tena kujilipa. Yetu hayako katika hatari hiyo. Watu wanakuja kwa wingi kila mwaka, hata mimi niliyejaa lawama sijakosa. Kwa hiyo sisemi yafungwe, wala sisemi kabichi lipigwe marufuku. Ninachotaka ni kitu kidogo: kila kipande chenye mahindi ya kijani mwezi Agosti kiwe na kibao kinachosema kimemwagiliwa ndoo ngapi, kimewekwa mifuko mingapi ya mbolea, na kimegharimu shilingi ngapi. Na pembeni yake pawe na kipande cha pili, cha mbegu ileile, kilichoachiwa mvua peke yake. Kitakuwa kimekauka. Kiachwe hivyo, kamba izungushiwe, na bwana shamba asimame hapo na fimbo yake.

Nililisema wazo hili katika kikao kimoja kabla sijastaafu. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, aliniuliza, "Mzee, nani atakuja kuangalia mahindi yaliyokufa?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Jibu lilinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani, kama ilivyo kawaida ya majibu. Yule mama wa dengu angekuja. Angeinama, akachukua udongo wa kipande cha kwanza, kisha wa kipande cha pili, akavifinyanga vyote viwili.

Agosti ya mwaka 2024 nilikwenda tena. Nilipita kwenye kipande cha mahindi, kirefu, kizuri kuliko nilivyowahi kupanda mimi. Kijana aliyekuwa pale alikuwa wa umri niliokuwa nao siku zile, ana fulana yenye maandishi na kikadi kifuani. Akanipa shikamoo mzee, nikaitikia. Nikamwuliza yanakunywa maji ya wapi.

Akageuka kidogo kuangalia nyuma yake. Kisha akasogea karibu na kamba, akashusha sauti. "Bomba, mzee. Asubuhi na jioni. Kisima kilipoharibika mwezi wa saba tulikodi bowza."

Nikamwuliza kama hulisema hilo kwa watu wanaopita. Akasema akiulizwa hulisema. Nikamwuliza wangapi wameuliza tangu asubuhi. Akafikiri, akasema, "Wewe na mama mmoja."

Nilitaka kumwuliza mama huyo ametokea wapi, lakini kundi la wanafunzi lilikuwa limefika, mwalimu wao anapiga makofi wajipange mstari, na kijana akaniomba radhi akaenda na fimbo yake. Nilinunua mpini wa jembe kule nyuma, baada ya kuupiga chini mara mbili, nikatafuta haisi ya kurudi mjini. Kondakta alinitoza nauli ya mtu mmoja na nusu, kwa ajili ya mpini.